Mtoto wa darasa la kwanza kwenye kigari: tuliyoyapata Disney

Saa nne kasorobo usiku. Fataki zimekwisha, umati wote wa Magic Kingdom, bustani ya michezo ya Disney kule Florida, unateremka Main Street, ile barabara ya kutokea getini, kwa mpigo mmoja, na mimi nina mtoto wa kilo 21 mgongoni, amelala fofofo. Mtoto aliyelala ni mzito kuliko mtoto huyohuyo akiwa macho, kila aliyewahi kubeba analijua hilo. Kiatu chake kimoja nimekishika mkononi, cha pili sijui kilidondoka wapi. Mume wangu ana mabegi mawili mabegani na anamvuta mkono binti yetu wa miaka minane, anayelia bila sauti. Kushoto na kulia wazazi wenzetu wanatupita wakisukuma vigari, watoto wamejilaza humo miguu ikining'inia nje, na wengine wao kwa kuwatazama tu ni wakubwa kuliko wangu. Niliwaonea wivu ambao sijawahi kumwonea hata mtu aliyenunua gari jipya.

Wiki mbili kabla ya hapo kigari chetu cha zamani kilikuwa sebuleni. Nilikitoa stoo, nikakifuta vumbi, nikajaribu magurudumu. Wifi yangu, ambaye tulikuwa tunasafiri naye, akaingia, akakitazama, akanitazama. "Wifi, huyu si yuko darasa la kwanza? Utamsukuma watu wakikuona?" Tukacheka. Nikakirudisha stoo.

Niseme ukweli: sikukiacha kwa sababu nilikuwa nimepiga hesabu. Nilikiacha kwa aibu. Hesabu nilizitafuta baadaye ili zifanane na uamuzi. Nikajiambia, mtoto huyu anakwenda shule kwa miguu, akirudi anacheza mpira mpaka magharibi, na usiku bado inabidi nimkimbize akaoge. Atachokaje?

Kumbe nilikuwa nalinganisha vitu viwili visivyofanana. Mtoto anayecheza anakimbia akitaka, anakaa chini akitaka, anakunywa maji, anachuchumaa kuangalia mdudu, kisha anaanza upya. Kule Disney anafuata mwendo wa mtu mzima, halafu anasimama. Kusimama ndiko kulikommaliza wangu. Dakika 50 kwenye foleni, hakuna pa kukaa, hakuna kukimbia, mbele yako mgongo wa mtu usiyemjua. Ukitoka, unatembea tena kwenda kusimama kwingine.

Tena mahali penyewe sikuwa nimepaelewa. Nikisikia Walt Disney World nilikuwa nafikiria bustani moja yenye kasri katikati. Kumbe ni eneo la karibu kilomita za mraba 100 pale Florida, lenye bustani nne, kila moja ya kutwa nzima. Magic Kingdom, iliyofunguliwa 1971, ndiyo yenye kasri. EPCOT ni ya 1982, na nusu yake ya nyuma ni ziwa lililozungukwa na majengo ya nchi 11. Kulizunguka ziwa hilo peke yake ni karibu kilomita mbili, na hapo hujagusa nusu ya mbele. Animal Kingdom, ya 1998, ndiyo kubwa kuliko zote. Kabla hata hujaonyesha tiketi umeshatembea kutoka chumbani hadi kituo cha basi, kutoka kwenye basi hadi ukaguzi wa mabegi, na kutoka ukaguzi hadi getini. Siku ya kwanza simu ya mume wangu ilihesabu hatua zaidi ya 23,000. Mwanangu nilimtazama miguu tulipokuwa tunaelekea basi: kila hatua yangu moja, yeye anapiga mbili kasoro. Zidisha mwenyewe.

Siku hiyo ilianza vizuri mno, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Saa tatu asubuhi alikuwa mbele yetu sote. Tulipofika Space Mountain, ile treni ya kasi ya gizani, walimsimamisha kwenye kipimo cha urefu. Ni lazima uwe na sentimita 112, na yeye ana 116. Alivyotembea baada ya hapo, kifua mbele, ungedhani kapandishwa cheo. Nilijisemea, naam, huyu ndiye niliyetaka kumweka kwenye kigari cha watoto.

Saa nane mchana jua la mwezi wa saba lilikuwa limekaa utosini, nyuzi 33 na unyevu wa kukufanya uhisi umevaa blanketi. Akaanza kuniegemea kwenye foleni. Kisha akaanza kuuliza kama ni mbali. Kisha akagombana na dada yake kuhusu chupa ya maji iliyokuwa tupu. Saa kumi, mbele ya tembo wanaoruka, alilala chini. Hakuanguka wala hakuzimia. Alilala tu kwenye sakafu ya moto, shavu chini, watu wakimkwepa.

Nilimgombeza. Nilimwambia watoto wa watu wanalilia kuja hapa. Katika makosa yote ya safari ile, mengine yana bei na nimeyasahau. Hilo halina bei, na bado nalikumbuka.

Hata hapo hatukurudi hotelini. Tiketi zilikuwa zimelipiwa, na fataki ni usiku. Kwa hiyo tukawaburuta watoto kwa saa tano nyingine ili waone fataki, ambazo mmoja alizitazama akilia na mwingine hakuziona kabisa, maana alikuwa ameshalala begani kwangu kabla ya mlipuko wa kwanza.

Kulipokucha alikuwa na malengelenge mawili kisigino cha kulia. Hilo nalo lilikuwa langu: nilimnunulia viatu vipya vya safari, akavivaa mara ya kwanza siku ya safari. Vaa viatu vya zamani. Sina la kuongeza hapo.

Siku ya pili nilikodi kigari getini. Tulilipa dola 15 kwa siku kwa cha mtoto mmoja. Ni vya plastiki ngumu, imara, vinateleza vizuri, na havina mambo mengi: kiti hakilali, kivuli ni kidogo, na mwisho wa uzito ni kilo 23. Wangu alikuwa na 21, basi tukapona. Ukihamia bustani nyingine siku hiyohiyo unaonyesha risiti unapewa kingine bila kulipa tena, kwa hiyo risiti usiitupe.

Shida ilikuwa mwenyewe hakitaki. Alikitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mimi si mtoto mchanga." Wifi akanitupia jicho, nikajifanya sijaliona. Sikumbishia mtoto. Nikaweka mabegi kwenye kiti, nikasema hili ni gari la mizigo, anayetaka kuliendesha aje. Aliliendesha mwenyewe asubuhi nzima, akiwagonga watu visigino, nami nikiomba radhi huku na kule. Mpaka saa saba mchana tulimpita mvulana mwenye pengo la meno ya mbele kama lake, amekaa kwenye kigari chake, kakunja nne, anakula barafu. Wangu alimwangalia kwa muda. Hatua chache mbele akapanda juu ya mabegi bila kusema neno, na mimi sikusema neno. Wazazi wanaoniuliza namna ya kumshawishi mtoto mkubwa huwa nawaambia hivyo tu: usimshawishi. Kiwe cha mizigo, na siti iwe wazi.

Ila kigari cha getini kina kasoro moja ambayo sikuiona mpaka usiku: hakitoki nje ya geti. Unakirudisha hapohapo ulipokichukulia. Na sehemu iliyonivunja mgongo usiku uliotangulia ilikuwa hasa ile ya kutoka getini hadi basi, na kutoka basi hadi chumbani. Nililipa dola 15 na usiku nikabeba mtoto vilevile, safari hii umbali mfupi zaidi.

Siku ya tatu hatukwenda popote. Haikuwa kwenye mpango. Watoto walilala mpaka saa nne, wakaogelea kwenye bwawa la hoteli, wakalala tena. Nikiulizwa nichague kati ya kigari na siku ile, ningechagua siku ile.

Jioni yake mume wangu akapiga simu kwa moja ya kampuni za nje zinazokodisha vigari na kukuletea hotelini. Siku tatu zilitugharimu dola 60 pamoja na kuleta. Hiki kiti chake kinalala, kina kivuli kikubwa, kina kapu chini, na kinatoka getini nawe. Kabla ya kulipa tuliuliza maswali mawili ambayo wakati wa kuhangaika na kigari cha stoo hayakunijia kabisa.

La kwanza ni uzito. Niliporudi nyumbani niligeuza kile kigari chetu cha zamani nikasoma lebo: mwisho kilo 15. Kumbe hata ningekibeba, kingemkatikia mtoto njiani. Viwango vya Ulaya vya vigari vinaishia kilo 15 katika sehemu yake ya kwanza, na sehemu ya pili, ya 2018, ndiyo inayopanda mpaka kilo 22. Mtoto wa miaka sita kwa wastani ana kilo 20 na kidogo. Maana yake vingi vya vile vyepesi vinavyokunjika kama mwavuli, ambavyo ndivyo kila mtu anakwambia ubebe kwa sababu havisumbui kwenye ndege, havikutengenezwa kwa ajili ya mtoto wa shule. Kile tulichokodi kiliandikwa kilo 34.

La pili ni ukubwa. Tangu Mei 1, 2019, bustani za Disney za Marekani haziruhusu kigari kinachozidi upana wa sentimita 79 au urefu wa sentimita 132 toka mbele hadi nyuma, na vile vitoroli vya kukokota kama mkokoteni vimekatazwa moja kwa moja. Tuliona baba mmoja amekuja na kitoroli kizuri cha turubai, watoto watatu ndani, anarudishwa pale kwenye ukaguzi. Sikutaka hata kumtazama usoni.

Sasa nieleze na karaha zake, maana nimechoka kusoma watu wanaosifu kigari kana kwamba kinajisukuma.

Hakiingii kwenye foleni. Unakiegesha nje ya kila mchezo, kwenye eneo lililotengwa, katikati ya vigari mia vya rangi ya kijivu. Wafanyakazi huvipanga na kuvisogeza ili njia isizibe, kwa hiyo unapokiacha sipo utakapokikuta. Mara ya kwanza nilitoka nikakuta nafasi yangu ina kigari cha mtu mwingine. Nikazunguka dakika 15, jasho linanitiririka, nikiwa nimeshaamua kwamba kimeibwa na nikitunga maneno ya kuiambia kampuni. Kilikuwa mita 20 upande wa pili, safi kabisa, na begi la biskuti juu yake. Jioni hiyo nilichana upande wa kanga yangu ya zamani nikaufunga kwenye mpini, fundo kubwa, nyekundu na njano. Tangu hapo nilikuwa nakiona toka mbali. Pasi za kusafiria, pesa na simu vilikaa mwilini mwangu wakati wote. Kwenye kapu tuliacha vitu ambavyo mwizi angetuonea huruma.

Mvua. Florida wakati wa kiangazi, mchana ukianza kuzeeka, wingu linatokea tu na kumwaga. Tulikuwa ndani tunatazama onyesho, tukatoka tukakuta kiti kimekuwa beseni. Baada ya hapo kila tulipokiegesha tulikivika mfuko mkubwa wa plastiki wa takataka, wa bei chee, na haukutuangusha.

Jua nalo lilinifundisha kwa njia mbaya. Mtoto alikuwa amelala, mwanga unampiga usoni, nikaitandaza ile kanga iliyobaki juu ya kivuli mpaka chini, nikajiona mama bora. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa amekaa kwenye benchi alininyooshea kidole, kisha akauingiza mkono wake chini ya kitambaa na kuniashiria nifanye vilevile. Ndani mlikuwa kama tanuri. Hewa haipiti, joto linajikusanya, na mtoto aliyelala hawezi kukwambia. Nikaiondoa. Geuza kigari kitazamane na kivuli, mlaze mtoto penye upepo, lakini usimfunike.

Na basi. Kwenye mabasi ya hotelini lazima kigari kikunjwe kabla ya kupanda, kwa hiyo mtoto aliyelala unamwamsha au unambeba huku mwenzio anakunja. Wawili mnaweza. Mtu aliye peke yake na watoto wawili ajizoeze kukikunja kwa mkono mmoja chumbani, si pale kituoni watu 40 wakisubiri nyuma yake. Treni ya juu, ile monoreli, haidai kukunja.

Faida ambayo sikuitegemea ilikuwa kwenye michezo ya watu wazima. Pale ambapo mtoto mmoja hawezi au hataki kupanda, wana utaratibu wa mzazi mmoja kubaki naye nje, kisha wanabadilishana bila wa pili kupanga foleni upya. Mtoto akiwa na pa kulala, kubaki nje ni mapumziko. Bila pa kulala, ni kulea tu ukiwa umesimama.

Siku ya tano ilikuwa EPCOT, na hapo ndipo nilipoaibika kweli, kuliko aibu yote ya kusukuma. Tulikuwa tunazunguka lile ziwa. Mwanangu amekaa kwenye kigari kama sultani. Kati ya Ujapani na Moroko nikageuka, binti yangu hayupo. Alikuwa nyuma, amekaa ukingoni mwa njia, mikono magotini. Nikamrudia nikidhani kaumia. Akaniambia, taratibu kabisa, "Mama, mbona mimi hakuna anayeniuliza kama nimechoka?"

Ana miaka minane. Kwa siku tano alikuwa ametembea hatua zote zile tulizotembea, akabeba na begi lake, na kwa kuwa halalamiki tukamhesabu upande wa watu wazima. Mjadala wetu wote, wangu na wifi na mume wangu, ulikuwa ni kama mtoto wa miaka sita anastahili kigari. Wa miaka minane hakuwahi hata kutajwa.

Wifi ndiye aliyemshika mkono. Akamwambia mdogo wake, "Shuka, baba, mpishe dada." Nikategemea vita. Akashuka mbio, maana alikuwa ameshapumzika na alikuwa anawashwa kusukuma. Binti ana kilo 26, na lebo inasema 34. Akakaa, akainua miguu, akafumba macho. Tukaweka zamu: kila nchi moja, mmoja anashuka mwingine anapanda. Moroko dada, Ufaransa mdogo, Uingereza dada, Kanada ikawa na ugomvi kwa sababu ni ya mwisho. Wifi aliyecheka sebuleni ndiye aliyesukuma nchi tatu kati ya hizo, na mtu asinitegemee nimsimange hapa. Nilimsimanga vya kutosha hotelini.

Kwa hiyo nikiulizwa leo, jibu langu hutegemea mambo ambayo si umri. Siku moja tu, bustani ndogo, mnarudi nyumbani jioni? Kiache. Nusu siku asubuhi, mchana mnalala hotelini? Mtoto wa miaka sita au saba anaweza, ukikubali kwamba ataona nusu ya unavyotaka aone. Siku tatu, nne mfululizo, kutwa mpaka fataki? Kodi, na kodi kile kinachotoka getini, hata kama mtoto wako ni bingwa wa mbio wa shule nzima. Siku ya kwanza hutakihitaji sana. Ni siku ya tatu, miguu ikiwa imebeba uchovu wa jana na juzi. Na kama mtoto ana ulemavu au maradhi yanayomzuia kusimama muda mrefu, nenda ofisi ya huduma kwa wageni mara unapoingia: wana kibandiko kinachokiruhusu kigari kuingia kwenye foleni kama kiti cha magurudumu. Nilikiona kwa familia iliyokuwa mbele yetu, na ndipo nilipoelewa kwa nini wao walipita na sisi tulitakiwa kuegesha.

Kuhusu macho ya watu, hakuna aliyetutazama. Hata mmoja. Kila mtu pale alikuwa na mtoto wake wa kuhangaika naye.

Asubuhi ya kuondoka tulipaswa kukiacha kigari mapokezi ya hoteli. Nilipokagua kapu nilikuta soksi moja, ramani iliyolowa ikakauka ikawa ngumu kama kadibodi, maganda ya machungwa, na kile kiatu cha siku ya kwanza hakikuwemo, ingawa nilikitafuta kwa imani. Nikaifungua kanga kwenye mpini. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni na viatu vyake vya zamani, begi mgongoni, amepona kabisa. Akaangalia korido kushoto, akaangalia kulia, hakuona mtu.

"Mpaka kwenye lifti tu," akasema, akapanda.